Punda akikataa tandiko, tazama mgongo kabla ya kuokota fimbo

Saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, baba anatoka nyumbani na tandiko begani. Punda jike, ambaye watoto wamempa jina Subira, amefungwa kwenye mti uani. Baba hajamfikia, punda amekwisha kulaza masikio nyuma. Tandiko linapomgusa mgongoni anaruka pembeni na kurusha teke. Mtungi mtupu unabingirika hadi mlangoni pa jikoni.

"Shukrani ya punda!" baba anasema, na hana haja ya kumalizia. Kila mtu anajua kwamba shukrani ya punda ni mateke. Mkono wake unatafuta fimbo.

Binti yake wa Gredi ya 6, ambaye ndiye humpeleka Subira kisimani kabla ya kwenda shule, anasogea. "Baba, subiri kidogo. Akienda kunywa maji bila tandiko hakatai. Anakataa tandiko tu."

Anapitisha kiganja polepole juu ya mgongo wa punda, kuanzia mabegani. Ngozi inatetemeka kabla kiganja hakijafika katikati. Hapo, juu kabisa ya uti wa mgongo, manyoya yameisha na nyama imejitokeza, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini.

Fimbo inarudi chini.

Mgongo unaobeba nyumba

Nyumba hii ni ya mfano tu, lakini asubuhi yake inafahamika kwa familia nyingi zinazoishi mbali na bomba, kuanzia Kajiado na Kitui hadi Dodoma na Manyara. Katika nyumba za namna hiyo punda ndiye bomba, ndiye pikipiki, na mara nyingi ndiye karo. Raundi ya kwanza ni ya maji ya nyumbani, ya pili ni ya kuuza. Siku anayoshindwa kusimama, mtungi unarudi mgongoni kwa mama na mikononi mwa watoto, na kengele ya shule inalia binti akiwa bado njiani.

Mjini Lamu hali ni hiyo hiyo kwa namna nyingine. Vichochoro vya mji huo wa kale, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, ni vyembamba mno kwa gari. Mchanga, mawe na saruji huingia mitaani juu ya punda. Shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza lilifungua kliniki ya punda huko mwaka 1987, na hadi leo vidonda vinavyotokana na mizigo na matandiko ni miongoni mwa matatizo ya kawaida ya punda wa kazi popote pale walipo.

Tena kumpata punda mwingine si rahisi kama zamani. Biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa ili kutengeneza dawa ya Kichina iitwayo ejiao, imewapunguza sana barani, hata viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana Februari 2024 kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Kwa hiyo kidonda kidogo kama sarafu mgongoni mwa Subira ni jambo la nyumba nzima.

Mwili mgumu kuvalishwa

Tandiko la Subira halikutengenezwa kwa ajili yake. Lilikuwa la punda dume wa jirani, mnene na mpana, na lilipouzwa kwa bei nafuu baba aliona amepata. Subira ni mwembamba na uti wake wa mgongo umetokeza. Tandiko linamkaa kama koti la baba juu ya mtoto: limepwaya ubavuni, na uzito wote unaangukia mfupa wa katikati.

Hata punda mwenye afya nzuri ni mgumu kutafutiwa tandiko kuliko farasi. Farasi wengi wana mwinuko wa mfupa pale shingo inapokutana na mgongo, na mwinuko huo husaidia kulishika tandiko lisisogee. Kwa punda mwinuko huo ni mdogo na mgongo umenyooka, hivyo tandiko huteleza kuelekea shingoni kila anaposhuka mteremko. Mwenye punda hukaza mkanda wa tumbo ili lisiteleze, nao mkanda unachuna ngozi nyuma ya miguu ya mbele. Kidonda kimoja kinazaa cha pili.

Wala shida hii haiwapati watu wa vijijini peke yao. Huko Uingereza, mji wa Walsall umesifika kwa kutengeneza matandiko ya farasi kwa muda mrefu, kiasi kwamba timu yake ya mpira hujulikana kwa jina la utani The Saddlers, yaani watengeneza matandiko. Pamoja na ufundi wote huo, mwenye farasi bado huita mtaalamu wa kumpima mnyama wake mgongo na kurekebisha tandiko likae sawa. Baada ya miezi kadhaa humwita tena, kwa sababu farasi hunenepa, hukonda, na misuli yake hubadilika kwa umri na kazi.

Mtaalamu wa namna hiyo hapatikani kijijini kwa Subira. Lakini mengi anayoyatazama yanaweza kutazamwa na mzazi mwenye waya, mkasi na kipande cha boksi.

Gunia la pili

"Ongeza gunia chini yake, lilainike," mama anashauri. Ni ushauri wa mapenzi, na ndio unaofuatwa na wengi. Tatizo ni kwamba mara nyingi hausaidii.

Fikiria kiatu cha shule kinachombana mtoto. Hakuna mzazi anayemvika soksi ya pili ili kiache kubana. Tandiko jembamba likiongezewa gunia hubana zaidi. Lililo pana likiongezewa gunia hupanda juu, huanza kuyumba huku na huko, na gunia lenyewe hukunjamana na kuwa kifundo kipya cha kuchuna. Na kama kitambaa kimepita juu ya uti wa mgongo, mfupa bado unabeba mzigo, hata kama umefunikwa kitu laini.

Aina ya kitambaa nayo ina maana. Gunia la plastiki halinyonyi jasho. Hupasha ngozi joto na kuisugua. Sponji ya godoro huonekana laini asubuhi, lakini chini ya mzigo hubonyea hadi ikawa kama haipo. Blanketi la sufi, pamba au gunia la katani ni afadhali, mradi lifuliwe na kukaushwa, kwa kuwa jasho likikauka huacha chumvi na uchafu unaokwaruza kama msasa.

Kinachowapotosha wengi ni kimya cha punda. Hapigi kelele kama mbwa, na anaweza kuendelea kutembea na jeraha ambalo mnyama mwingine angelilalia chini. Huzungumza kwa ishara ndogo: kulaza masikio, kutikisa mkia bila nzi, ngozi kutetemeka, kusogea tandiko linapoletwa, kugeuka na kutaka kuuma mkanda ukikazwa, kula kidogo kuliko kawaida. Mwenye haraka husoma ishara hizo zote kwa neno moja: ukaidi. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tandiko nalo ni hivyo hivyo. Anayejua linapouma ni aliyelivaa.

"Nilisema, Mama"

Jioni hiyo mama anaketi na binti yake karibu na jiko.

"Ulianza kuona lini kwamba manyoya yanaisha?"

"Mwezi uliopita, Mama."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Nilisema. Nikaambiwa natafuta kisingizio cha kukwepa kisima."

Baba anasikia kutoka nje. Hajibu neno, lakini ni kweli alisema hivyo. Mwezi mzima wa safari za maji umepita juu ya kidonda kwa sababu aliyekiona ni mdogo, na taarifa yake ilifika asubuhi ambayo wakubwa walikuwa na haraka.

Sasa wanakaa na hesabu ngumu. Kidonda cha tandiko hakiponi chini ya tandiko. Kinahitaji kupumzishwa mpaka ngozi mpya ifunge na ikomae, na hilo huchukua wiki kadhaa, si siku mbili. Wiki hizo hakuna maji ya kuuza, na muhula haungoji. Wakiendelea kumbebesha, kidonda kitazama hadi mfupani, na punda aliyefikia hapo huenda asirudi kazini tena.

Wanakubaliana na jirani mwenye mkokoteni: awaletee maji ya nyumbani, nao watamsaidia kupalilia shamba lake. Maji ya kuuza yanasimama. Jirani anajitolea pia kumfunga Subira kwenye mkokoteni kwa nira ya ng'ombe "ili mgongo upumzike". Baba anashukuru na kukataa. Ng'ombe husukuma nira kwa shingo na nundu, lakini punda hana nundu. Huvuta kwa kifua, na anahitaji mkanda mpana wa kifuani. Nira ya ng'ombe ingempa kidonda kingine shingoni.

Kidonda chenyewe kinaoshwa kila siku kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha kinaachwa kikauke huku nzi wakifukuzwa. Hakipakwi oili chafu ya gari, asidi ya betri wala majivu, ingawa kila kijiji kina mtu wa kushauri hivyo. Kidonda kirefu, chenye usaha, harufu au funza, ni cha daktari wa mifugo.

Kuna sababu nyingine ya kutokipuuza, na imo ndani ya jina la ugonjwa wenyewe: pepopunda. Vijidudu vyake hukaa ardhini na katika samadi, ikiwemo ya punda na farasi, na huingia mwilini kupitia jeraha. Punda hudhurika nao kwa urahisi, na daktari wa mifugo anaweza kumchanja. Mtoto hapati pepopunda kwa kumgusa punda mwenye kidonda. Lakini anayetembea pekupeku penye samadi akachomwa na mwiba au msumari yumo hatarini kama hakuchanjwa. Watoto hupata kinga hiyo wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14, ndani ya chanjo ya pamoja, na mama mjamzito huchanjwa kliniki. Mzazi mwenye punda akitoa kitabu cha kliniki leo na kukagua kurasa hizo, hatapoteza kitu.

Waya na kipande cha boksi

Kidonda kinapofunga, kazi ya tandiko jipya inaanza. Mahali palipoumia huenda pakaota manyoya meupe. Alama hiyo hubaki, na mnunuzi makini huitafuta sokoni, kwa sababu humwambia mgongo huo ulipitia nini.

Subira anasimamishwa mahali tambarare, kichwa kikiwa katika hali yake ya kawaida. Baba anachukua waya mnene unaopindika na kubaki ulivyopindwa. Binti anauinua mguu wa mbele wa punda na kuusogeza taratibu, huku baba akishika bega na kuhisi mfupa wake unavyorudi nyuma. Mwanzo wa tandiko unapaswa kuwa nyuma ya hapo, la sivyo litamgonga kwa kila hatua. Kisha anatafuta ubavu wa mwisho kwa vidole. Tandiko lisipite hapo, maana baada ya ubavu wa mwisho hakuna mbavu za kuushikilia mzigo.

Kati ya mipaka hiyo miwili wanapima sehemu tatu: mbele, kati na nyuma. Kila mara waya unalazwa kukatiza mgongo, unabonyezwa ushike umbo lake kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, unainuliwa kwa uangalifu na kuchorwa kwenye boksi. Maboksi yanakatwa kufuata mchoro na kuandikwa "mbele", "kati", "nyuma", pamoja na tarehe. Yakirudishwa juu ya punda yanapaswa kukaa bila mwanya. Hayo ndiyo anayopelekewa fundi.

Tandiko la mizigo linalomfaa punda huwa na mito miwili minene, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, na mfereji ulio wazi katikati. Mzigo ulale juu ya misuli na mbavu za pande zote mbili. Juu ya mfupa wa katikati kusiguse kitu. Mwangaza ukimulikwa kutoka nyuma uonekane mbele, na hata baada ya mzigo kupakiwa vidole viweze kupita katika mfereji huo.

Mkanda wa tumbo uwe mpana na bapa, si kamba ya nailoni. Ukikazwa, kiganja kilichonyooshwa kiweze kupita kati yake na ngozi. Na badala ya kukaza tumbo kuzuia kuteleza, kuna mikanda miwili ya kazi hiyo: wa kifuani huzuia tandiko kurudi nyuma punda anapopanda mlima, na wa nyuma, unaozunguka mapaja chini ya mkia, hulizuia kwenda mbele anaposhuka. Mikanda hiyo nayo iwe mipana na ifunikwe kwa kitambaa laini.

Jaribio la kwanza halifaulu. Fundi amejaza mito sawasawa kuanzia mbele hadi nyuma, lakini vipande vya boksi vinaonyesha mgongo wa Subira ni mwembamba zaidi mbele. Tandiko linagusa mwanzo na mwisho na kuacha mwanya katikati, kama daraja juu ya mto. Uzito wote ungekaa kwenye ncha hizo mbili. Baba anakaribia kusema litazoea. Binti anamtazama. Tandiko linarudi kwa fundi, linafumuliwa na kujazwa upya.

Mara ya pili wanalijaribu kwa hatua. Kwanza bila mzigo, robo saa ya kutembea. Siku inayofuata na mzigo mdogo. Kila safari ikiisha, tandiko linanyanyuliwa wima bila kuburutwa, na mgongo unasomwa. Jasho na vumbi vikisambaa sawa pande zote mbili, ni dalili njema. Doa kavu katikati ya palipolowa huashiria kwamba hapo pamegandamizwa mno. Manyoya yaliyovurugika huonyesha tandiko linacheza. Baada ya kama saa moja mgongo unapapaswa tena, maana uvimbe na joto huweza kuchelewa kujitokeza.

Hesabu ya mitungi

Tandiko zuri halifanyi mzigo mzito kuwa mwepesi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mtungi wa lita 20 ni kilo 20, na mitungi minne ni kilo 80. Kanuni inayofundishwa sana kwa wenye punda wa mizigo ni kwamba asibebe zaidi ya thuluthi ya uzito wa mwili wake. Punda wa kilo 150 ana kikomo cha kilo 50, na humo hesabu ya tandiko imo. Tandiko likiwa na kilo 10, nafasi iliyobaki ni ya mitungi miwili. Kwa punda mdogo, mzee, mgonjwa au mwenye mimba, hesabu inashuka.

Kwa nyumba iliyozoea mitungi minne, habari hiyo haipendezi. Ina maana ya safari mbili badala ya moja, au kuanza kuweka akiba ya mkokoteni, ambao magurudumu yake hubeba uzito ili punda avute tu. Sheria nayo inatazama upande huo huo: Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumbebesha mnyama kupita kiasi kuwa kosa, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Uzito ulingane pande zote mbili, na hili husahaulika zaidi wakati wa kuuza. Mteja akichukua mtungi wa kushoto peke yake, punda huendelea na njia akiwa amevutwa kulia, na hata tandiko lililopimwa vizuri hupinda na kusugua. Mtungi uliobaki ushushwe, maji yagawanywe, au mteja wa pili atafutwe hapo hapo.

Kazi ya mtoto, na mpaka wake

Watoto wengi ndio wanaokaa na punda kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani. Wanaweza kufundishwa ukaguzi wa dakika mbili: kiganja juu ya mgongo kabla ya kutandika, kiganja tena baada ya kutandua, na jicho nyuma ya miguu ya mbele, kifuani na chini ya mkia. Wanatafuta joto, uvimbe, unyevu, manyoya yaliyoisha na mtetemeko.

Wafundishwe pia kujilinda. Punda mwenye maumivu hupiga teke, na teke haliulizi umri. Mtoto asimame karibu na bega la punda, amsemeshe kabla ya kumgusa, asipite nyuma yake, na kamwe asijifunge kamba mkononi au kiunoni, kwa sababu punda akishtuka atamburuta. Kutandika na kupakia ni kazi ya mtu mzima. Mtoto mdogo asiachiwe peke yake.

Upimaji haufanywi mara moja maishani. Msimu wa ukame ukimkondesha punda, mfereji wa tandiko hushuka na kukaribia mfupa. Mvua zikimnenepesha, mito humbana. Vile vipande vya boksi vyenye tarehe vikihifadhiwa, kuvirudisha mgongoni mwake kila baada ya miezi michache kunaonyesha mara moja kilichobadilika.

Na mtoto akileta habari, isikilizwe, hata ikija asubuhi ya haraka. Aliyesema akaitwa mvivu atanyamaza mara ya pili, na punda hana mtu mwingine wa kumsemea.

Wiki ya saba, saa kumi na mbili kasorobo, baba anatoka tena na tandiko. Subira analaza masikio na kusogea hatua moja, kwa sababu punda hasahau upesi. Baba anasimama alipo. Haokoti kitu.

"Leo umeuonaje?" anamuuliza binti yake.

Binti anapitisha kiganja kutoka begani hadi ubavu wa mwisho, taratibu, kisha anarudia upande wa pili. "Pakavu, Baba. Hakuna joto."

Tandiko linapanda. Subira anahema, anatikisa sikio moja, anabaki amesimama. Mitungi miwili inafungwa, mmoja kila upande. Binti anaongoza raundi ya kwanza. Ya pili anakwenda baba mwenyewe, na kengele ya shule inamkuta binti yupo mstarini.